Kuchagua Gari la Kukokota Trela Zito: Nguvu ya Injini si Hoja Pekee

Katika nchi za Marekani na Kanada pana desturi iliyokwisha kuota mizizi ya watu kusafiri pamoja na nyumba zao. Nyumba hizo ni matrela yenye vitanda, jiko, choo na tangi la maji, nayo hukokotwa na gari la familia wakati wa likizo. Afrika ya Mashariki imepata kuyaona: msafara wa Wally Byam, mwasisi wa kampuni ya Airstream, ulioondoka Cape Town mwaka 1959 ukielekea Cairo na matrela 41, ulipita Kenya kabla ya kuingia Ethiopia. Matrela ya siku hizi ni mazito. Lenye urefu wa mita nane hivi hufikia kwa urahisi kilo 3,400 likiwa limekwisha kupakiwa, na gari linalolikokota huchakaa upesi. Ndipo mwenye trela anaposimama mbele ya muuza magari na swali moja tu: gari lipi lishike nafasi ya lile lililochoka?

Aghalabu hujibiwa kwa tarakimu moja. Pikapu ile pale, huambiwa, ina uwezo wa kukokota kilo 5,000. Mnunuzi hutoa 3,400 katika 5,000, akaona amebakiwa na akiba kubwa, akatia saini. Tarakimu hiyo si uongo. Kasoro yake ni kwamba inajibu swali ambalo mnunuzi hakuliuliza.

Yafaa ieleweke jinsi inavyopatikana. Zamani kila kiwanda kilijipimia chenyewe, na kila mmoja alikuwa bingwa katika tangazo lake. Mwaka 2008 chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, SAE, kilitoa kanuni iitwayo J2807, na viwanda vikaikubali kimoja baada ya kingine katika miaka iliyofuata. Jaribio lake mashuhuri hufanyika kwenye barabara inayopanda kutoka Davis Dam katika jimbo la Arizona. Gari pamoja na trela hupanda mlima kwa kilomita 18, joto chini ya mlima likiwa si pungufu ya nyuzi 38, kipoza hewa kikiendeshwa kwa nguvu zake zote; na mwendo wa pikapu ya kawaida hauruhusiwi kushuka chini ya kilomita 64 kwa saa. Ni mtihani wa haki, na mhandisi aliyeutunga anastahili sifa. Lakini ndani ya gari wamo dereva na abiria mmoja. Hamna watoto, hamna mbwa, hamna baiskeli wala jenereta.

Hapa ndipo kosa linapoingia. Trela la namna hii halifuati tu nyuma ya gari. Sehemu ya uzito wake huliegemea. Mkono wa mbele wa trela hukaa juu ya kiungio kilicho nyuma ya gari, na ili trela litulie barabarani mkono huo hauna budi kukandamiza kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela zima. Anayeupunguza kwa kuhamishia vitu vizito nyuma ya trela hujitafutia balaa, kwani trela lenye mkono mwepesi huanza kuyumba kama mkia wa samaki kadiri mwendo unavyozidi, na linaweza kulipindua gari lililo mbele yake. Kwa hiyo uzito wa mkono ni mzigo halali wa gari, sawasawa na magunia yaliyopakiwa nyuma.

Kila gari linalouzwa Marekani lina kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva kinachotaja, kwa kilo na kwa ratili, jumla ya uzito wa watu na mizigo ambayo isizidishwe. Kibandiko hiki hakitangazwi popote, nacho ndicho chenye jibu. Na ichukuliwe kwamba kinasema kilo 680, kiasi cha kawaida kwa pikapu za daraja la chini. Baba, mama na watoto watatu wana kilo 290. Mbwa ana 30. Kiungio chenyewe pamoja na vyuma vyake kina 45. Baiskeli, viti na jenereta ni 70. Jumla ni 435, na nafasi iliyobaki ni kilo 245. Mkono wa trela la kilo 3,400, kwa asilimia 13, unahitaji kilo 442.

Gari hilo, basi, limezidiwa kwa karibu kilo 200, ingawa trela halijafika hata asilimia 70 ya uzito uliotangazwa. Mwanafunzi akigeuza hesabu, yaani akigawa 245 kwa 0.13, atapata kwamba familia ile ingeweza kukokota trela la kilo 1,885 tu. Kati ya 1,885 na 5,000 pana tofauti kubwa mno, na ndani ya tofauti hiyo ndimo wanamosafiri watu wengi pasipo kujua.

Isitoshe, uzito wa mkono haugawanyiki sawa kwa magurudumu yote. Kiungio kipo nyuma ya ekseli ya nyuma, na kwa sababu hiyo gari zima hugeuka wenzo ambao egemeo lake ni ekseli hiyo. Ikiwa kiungio kiko mita 1.25 nyuma ya ekseli, na umbali kati ya ekseli mbili za gari ni mita 3.6, basi kilo 442 za mkono zitainyanyua ekseli ya mbele kwa kilo 153, na ekseli ya nyuma itabeba kilo 595 za ziada. Magurudumu yanyanyuliwayo ndiyo yanayoongoza gari, na ndiyo yanayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kufunga breki. Vipo viungio vyenye fito za chuma cha springi ambavyo hurudisha mbele sehemu ya uzito ulioondoka. Ni vyombo vya maana sana, lakini haviongezi hata kilo moja katika kile kibandiko cha mlangoni. Walimu wanaofundisha wenzo kwa mfano wa mtarimbo na jiwe wangefanya vyema kuuongezea mfano huu, maana wanafunzi wengi wamekwisha kuona pikapu iliyojazwa nyuma ikitembea pua juu, taa zikimulika matawi ya miti badala ya barabara.

Wapo watakaosema kwamba hoja hii inapuuza milima, na kwamba mlimani ni injini ndiyo inayohitajika. Na ikaguliwe. Gari na trela vyenye jumla ya kilo 6,200 vikipanda mwinamo wa asilimia 6 kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa, kani ya uvutano peke yake hudai kilowati 91. Hewa inayopingana na uso mpana wa trela pamoja na msuguano wa magurudumu huongeza kilowati nyingine 50 au 60. Pikapu nyingi za leo zina zaidi ya kilowati 200. Palipo juu sana hewa ni nyembamba. Kwenye mita 3,400 injini isiyo na tabo hupoteza karibu theluthi ya nguvu zake, ambapo yenye tabo hupoteza kidogo. Hata hivyo, anayepungukiwa nguvu akipanda atachelewa tu, huku wenye haraka wakimpigia honi nyuma yake.

Kuteremka ni jambo jingine kabisa. Barabara kuu namba 70 katika jimbo la Colorado hupenya milima ya Rocky kwa njia ya chini ya ardhi ya Eisenhower, iliyofunguliwa mwaka 1973, kwenye kimo cha mita 3,400 hivi. Kutoka hapo hadi mji wa Silverthorne barabara huporomoka takriban mita 700. Zile kilo 6,200 zikishuka kimo hicho huachilia nishati ipatayo megajuli 42, kiasi cha kuchemsha lita 125 za maji yenye joto la nyuzi 20. Kama nishati hiyo yote ingemezwa na kilo 60 za chuma cha breki bila kupozwa na upepo, joto la chuma lingepanda kwa nyuzi zipatazo 1,540. Na chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538. Kwa kweli upepo huondoa joto, na hewa ipigayo uso wa trela, ambayo mpandaji aliilaani, humfaa mteremkaji. Lakini breki hazihitaji kuyeyuka ili zishindwe. Muda mrefu kabla ya hapo viatu vyake hupoteza mshiko, na maji yake yaliyochakaa huchemka. Dereva wa lori anayeteremka Kitonga, mkoani Iringa, anaijua kanuni hii bila kuandikiwa: huingiza gia ndogo angali juu, akaiacha injini imshike.

Kwa hiyo swali la pili kwa muuzaji, baada ya kibandiko, ni hili: gari hili hujizuia kwa nini? Injini ya petroli hujizuia yenyewe kwa kuwa dereva akiachia mafuta mlango wa hewa hufungwa nayo hulazimika kuvuta hewa kwa shida. Dizeli haina mlango wa namna hiyo, ndiyo maana huhitaji breki ya moshi, na pikapu nzito za dizeli huuzwa zikiwa nayo. Gari la umeme hurudisha nishati ya mteremko katika betri. Zile megajuli 42 ni karibu yuniti 12, mali isiyofaa kutupwa, ila betri iliyojazwa pomoni juu ya mlima haina pa kuiweka. Trela nalo lazima liwe na breki zake, zikiamrishwa kutoka kwa dereva. Katika majimbo mengi ya Marekani sheria hulazimisha hivyo kwa trela linalozidi kilo 1,360.

Wengi, wakitishwa na hesabu hizi, hukimbilia pikapu ya daraja la juu yenye dizeli kubwa. Huenda ikawafaa, mradi wasiache kusoma kibandiko, kwa sababu injini ya dizeli yenyewe ni nzito, na uzito wake hukatwa katika posho ya mizigo. Zipo pikapu ambazo toleo la dizeli hukokota zaidi ya lile la petroli lakini hubeba kidogo kuliko hilo. Hapo tangazo na mlango wa gari husema mambo mawili tofauti, na wa kusadikiwa ni mlango.

Pana shauri jingine ambalo wauzaji hawalitoi, nalo ni kuuza trela na kubaki na gari la kadiri. Trela la kilo 1,800 bado lina vitanda na jiko. Tena uzito wa trela ulioandikwa na kiwanda ni wa trela tupu. Mitungi ya gesi, betri, vyombo, chakula na lita 150 za maji huongeza kilo mia kadhaa ambazo hazimo katika karatasi yoyote. Anayetaka kujua ukweli alipeleke gari lake la zamani, kabla ya kuliuza, pamoja na trela lililopakiwa kama siku ya safari na jamaa zake wote wakiwa ndani, kwenye mizani ya malori, apime ekseli moja moja. Kisha alifungue trela, apime gari peke yake mara ya pili. Jumla ya ekseli mbili za gari katika mara ya kwanza, ikitolewa ile ya mara ya pili, ndiyo uzito wa mkono. Kama amefungua kiungio chenye fito, fito hizo zilegezwe kwanza, kwa maana zikiwa zimekazwa husukuma sehemu ya uzito huo kwenye magurudumu ya trela, na jibu litatoka pungufu.