Mlango Unaojifungua

Pale Gairo, kwenye barabara kuu ya Morogoro na Dodoma, kama katika miji yetu mingi, honi ikilia langoni aghalabu mtoto ndiye akimbiaye kufungua. Mwenye gari la umeme aweza kumpumzisha. Atumie rimoti ambayo namba yake ya siri hubadilika kila ibonyezwapo. Isiyobadilika hunaswa na wezi. Baadhi ya magari ya Tesla hujua kwa satelaiti kuwa yamefika, yakaufungua mlango yenyewe. Lakini mota hutegemea umeme wa nyumbani. Ukikatika, na betri ya akiba haipo, utashuka na ufunguo. Muhimu zaidi ni jicho la usalama, lizuialo mlango usimbane mtoto apitaye. Fundi asipolifunga, usimlipe.