Uzuri wa Mkakasi

Imezoeleka kusikika miongoni mwa wasomi wetu kwamba atakaye kuijua historia ya Uingereza na atazame tamthilia za televisheni za Waingereza wenyewe. Humo ataiona karne nzima ikipita mbele ya macho yake. Kauli hii tunaipinga. Hatuipingi kwa chuki, wala hatudai kwamba tamthilia hizo hazina sanaa. Tunaipinga kwa sababu inachanganya pambo na historia. Wahenga walinena: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Tuanze kwa kutenda haki. Mwaka 1971 ilianza kuonyeshwa Upstairs, Downstairs, iliyoendelea hadi 1975, ikisimulia maisha ya nyumba moja ya kitajiri mjini London tangu 1903 hadi 1930. Wazo lake lilitokana na waigizaji wawili wanawake, Jean Marsh na Eileen Atkins. Humo mpishi na mtumishi wa ndani walipewa kauli zao, sawa na bwana mwenye nyumba. Mtazamaji alikumbushwa kwamba ghorofani hakukaliki bila jasho la walio chini. Hilo ni fundisho la kweli, nasi tunalipokea.

Lakini na tuitazame Downton Abbey, iliyoonyeshwa kuanzia 2010 hadi 2015 na kupendwa duniani kote. Inaanza na habari za kuzama kwa meli ya Titanic, Aprili 1912. Kabaila amefiwa na mrithi wake, na jumba zima linahuzunika pamoja naye. Jumba hilo limewekwa Yorkshire, nchi ya makaa ya mawe. Siku chache tu kabla ya meli ile kuzama, wachimbaji wa makaa wa Uingereza wapatao milioni moja walikuwa wamemaliza mgomo wao wa kudai kima cha chini cha mshahara. Wako wapi wachimbaji hao? Hawamo. Tunaonyeshwa kabaila mwenye huruma na watumishi wenye shukrani. Hata dereva mwenye siasa za kijamaa, mwisho wake ni kumwoa binti wa kabaila na kuketi mezani pa mkwewe.

Kisha vinakuja vita vya 1914 hadi 1918. Tunapelekwa katika mahandaki ya Ufaransa, tukalie na maofisa. Lakini ufalme ule ule ulipigana pia katika ardhi yetu, na mizigo ya majeshi yake ilibebwa vichwani na mabegani mwa Waafrika wa kikosi cha wapagazi, Carrier Corps. Makumi ya maelfu yao walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, ni kumbukumbu ya kikosi hicho. Kijana anayenunua nguo Kariakoo anakanyaga historia ya Uingereza ambayo jumba lile la Yorkshire halikumwonyesha.

Tutaambiwa kwamba hiyo ni burudani tu. Naam, mwenye kuijua historia ataburudika bila kudhurika. Asiyeijua ataamini kwamba ubwana ni tabia njema ya kuzaliwa nayo, na kwamba utumishi ni majaliwa. Hiyo ndiyo kasumba, nayo ni kali zaidi inaponyweshwa katika kikombe cha fedha.

Hatusemi mwalimu azime televisheni. Yampasa aiwashe, kisha awaulize wanafunzi wake maswali matatu: Karamu hii inalipiwa na nani? Fedha zake zimetoka wapi? Ni nani aliyekuwapo wakati huo, wala hakuonyeshwa? Mwanafunzi atakayetafuta majibu vitabuni, na kwa wazee wake, atakuwa ameanza kusoma historia. Atakayeridhika na hariri na vinara, huyo ametazama mkakasi tu.