Darasa la Wifi na Siri ya Mume Wangu

Kama mfuko umetoboka, pole, hauko peke yako. Januari ni Januari tu.

Mwezi huu nilipanga tuzungumzie bajeti ya wawili baada ya Krismasi. Lakini likizo hii limenitokea jambo, na wewe unanijua, siwezi kukaa na jambo moyoni. Lilinitokea ndani ya darasa la kwanza, huko Ulyankulu, mkoani Tabora.

Ulyankulu ni kwao mume wangu. Wazazi wake ni miongoni mwa Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, wakapewa pori la miombo wafyeke, wajenge na walime. Makazi ya namna hiyo yalikuwa matatu: Ulyankulu, na mengine mawili, Katumba na Mishamo, upande wa Mpanda. Mume wangu kazaliwa hapo, kasoma hapo. Uraia ulikuja baadaye sana: serikali iliwakubalia watu wapatao 162,000, na vyeti vikaanza kugawiwa mwaka 2014. Leo dada yake, yaani wifi yangu, anafundisha darasa la kwanza huko huko.

Basi, mpango wetu ulikuwa kula, kulala na kurudi Dar. Siku ya tatu wifi akaja na ombi: "Wifi, shule inafunguliwa wiki ijayo. Nisaidieni kupanga darasa." Kichwani nikaona saa moja ya kufagia na kufuta vumbi. Zilikuwa siku tatu, bwana!

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Watoto walioandikishwa 92. Madawati 24. Ukikalisha watoto watatu kila dawati, unapata 72. Je, hao 20 wanakwenda wapi? Kiwango cha serikali ni watoto 45 kwa darasa, lakini tangu ada ya shule ya msingi ifutwe mwanzoni mwa miaka ya 2000, na michango ya lazima nayo ikaondolewa mwaka 2016, watoto wanakuja kwa wingi. Ni jambo la heri. Ila heri hiyo ikiingia mlangoni saa moja asubuhi, mwalimu ni mmoja.

Wifi hakulalamika. Alianza na njia. Tukasogeza madawati mpaka akaweza kutembea kutoka ubaoni hadi kwa mtoto wa mwisho bila kuruka mtu. "Nisipomfikia, simfundishi," alisema. Mikeka ya wale 20 akaitandika mbele, karibu na ubao, siyo nyuma. Na kila Jumatatu watabadilishana na wenzao, ili pasiwe na "watoto wa chini". Wafupi na wasioona vizuri watakaa safu ya kwanza. Dumu zilizokatwa zikawa masanduku ya kuhesabia: visoda, vijiti, mbegu za maboga. Kamba ikafungwa ukutani ya kutundikia vitabu vya hadithi. Mlango ukaandikwa "mlango", dirisha "dirisha", kwa sababu watoto wengi pale nyumbani wanasikia Kirundi, Kinyamwezi au Kisukuma, na Kiswahili wanakuja kukutana nacho vizuri shuleni.

Mimi sasa, mtu wa mawasiliano na digrii yangu, nikajipa kazi ya ukuta. Nilikuwa nimenunua manila za rangi Tabora mjini. Nikachora maua, nikaandika KARIBUNI kwa herufi za kujipinda, nikabandika juu, pakapendeza kweli. Nikamwita mume wangu aje asifie.

Akaangalia. Kimya. Halafu: "Hizi umemwekea nani?"

Nikakasirika. Nimechoka, mikono imejaa gundi, halafu unaniuliza swali la namna hiyo? Nikamjibu, "Kwani wewe mwalimu?" Wifi akajifanya anatafuta chaki.

Mume wangu hakunijibu. Akapiga magoti pale kwenye mkeka, akaniambia, "Njoo hapa. Piga magoti." Nikapiga, kwa hasira hiyo hiyo. Nikainua macho. Msomaji wangu, sikuona ua hata moja. Niliona ukuta mtupu, miguu ya dawati na kitasa cha mlango. Urefu ule wa mtoto wa miaka sita, darasa langu zuri halikuwepo.

Tukiwa tumepiga magoti hivyo hivyo, akaanza kusimulia. Miaka tisa ya ndoa, sikuwahi kuisikia hadithi hii.

Siku yake ya kwanza shuleni, mwalimu aliita majina. Majina ya Kirundi ni marefu, na mengi yanamtaja Imana, yaani Mungu. Nduwimana, kwa mfano, ni "mimi ni wa Mungu". Mwalimu yule alilivuruga jina la mume wangu mpaka likawa neno la kuchekesha. Darasa zima likacheka. Yeye akanyamaza. Kesho yake likaitwa vilevile, akanyamaza tena. Kwa wiki nzima alikuwa amekaa pale pale nyuma, na kwenye daftari la mahudhurio akawa anaandikwa hayupo. Siku ya Ijumaa akachapwa kwa utoro.

"Nilikuwepo," aliniambia. "Kila siku nilikuwepo."

Sikuwa na la kusema. Nikaelewa pia kitu cha nyumbani kwetu. Mume wangu huyu, akiitwa vibaya hotelini au ofisini, hunyamaza tu, anaitikia jina lolote. Mimi nilidhani ni upole. Mara ngapi nimemtania!

Maua yangu tukayabandua. Wifi akaleta salfeti safi na orodha yake. Kumbe wakati wa kuandikisha alishamuuliza kila mzazi jina linaandikwaje na linatamkwaje. Tukaandika majina yote 92 kwa maka peni, tukayatundika chini, usawa wa macho ya mtoto. Kwa kuwa wengi hawajajua kusoma, mume wangu akachora picha kando ya kila jina: jembe, kuku, mzinga wa nyuki, jani la tumbaku, baiskeli. Alichora mpaka usiku, kwa tochi ya simu, na mimi namshikia.

Shule ilipofunguliwa sisi tulikuwa tumesharudi Dar. Jioni wifi akapiga simu. Kuita majina peke yake kulichukua karibu saa nzima, maana kila mtoto alikwenda ukutani kugusa picha yake. Wote waliofika waliitika. Mume wangu akaomba asimuliwe tena, mara ya pili, simu ikiwa sikioni, mimi nikamwachia sebule.

Sasa wewe na mwenzako, ambao mtoto wenu anaanza shule mwaka huu au ujao, nawaachia machache. Nendeni wote wawili mkalione darasa kabla ya siku ya kwanza, msimwachie mama peke yake. Mwambieni mwalimu jina la mtoto linatamkwaje. Muulizeni amepungukiwa nini. Visoda na dumu la maji havihitaji kikao cha harambee. Nyumbani mtengeeni mtoto pembe ya begi na madaftari mahali mkono wake unapofika. Na kabla hujasema pamependeza, piga magoti uangalie.

Kuna jingine, la ninyi wawili. Mwulize mwenzako siku yake ya kwanza shuleni ilikuwaje. Usimkatize. Inawezekana umeishi naye miaka mingi na jina lake bado hujalitamka sawasawa. Mimi nimejifunza la kwangu likizo hii, na ninalitamka lote, mpaka mwisho.

Tuonane mwezi ujao, na ile bajeti sijaisahau!