Nani Aliwaambia Wimbo wa Huzuni Hauchezwi?

Wasee, wiki jana niliposti video nikasema "Hasta que te conocí" ya Marc Anthony inaishinda ya mwenyewe Juan Gabriel. Maze, nilitukanwa! Kuna mmoja alisema Marc ni mwizi wa nyimbo, na ati mtu aliyeacha chuo kama mimi anajua nini. Sawa, niliacha mwaka wa pili, karo iliisha, hiyo si siri. Lakini hii stori ya wizi siiachi ipite hivyo.

Heshima kwanza kwa mwenye wimbo. Juan Gabriel wa Mexico alizaliwa Alberto Aguilera Valadez, na utoto wake mwingi ulipita kwa nyumba ya kulea watoto kule Ciudad Juárez. Wimbo huu alitunga yeye, akautoa 1986. Ni mtu anasema alikuwa hajui maumivu, hadi akakutana na huyo mpenzi. Mwaka wa 1990 aliuimba ndani ya Palacio de Bellas Artes, ukumbi wa opera, na okestra ya simfonia na mariachi nyuma yake. Kuna watu wa heshima zao walinung'unika, msanii wa pop anaingizwaje humo. Itafuteni hiyo rekodi. Na mwisho wake usikilizeni vizuri, maana mwenyewe anaongeza kasi mpaka ukumbi unachangamka. Kwa hivyo kama kuchangamsha huu wimbo ni dhambi, wa kwanza kutenda ni yeye.

Sasa Marc. Mtoto wa New York, wazazi ni wa Puerto Rico, alikuwa anaimba nyimbo za klabu kwa Kiingereza. Salsa aliona ni mambo ya wazazi, vile sisi tunaona zile rumba za mzee kwa gari. Halafu akausikia huu wimbo redioni. 1993 ikatoka albamu ya Otra Nota, mtayarishaji Sergio George, na huyo kijana akawa mtu wa salsa mpaka leo.

Mwizi aje? Anayeimba upya wimbo wa mtu haupati utunzi wake. Utunzi unabaki wa Juan Gabriel, na rekodi ya Marc ikiuzwa au ikichezwa redioni, kuna fungu la mtunzi. Mwizi ni yule anarekodi na kufuta jina la aliyetunga. Na sisi Wakenya tunyamaze kidogo hapo. "Malaika" imeimbwa na Miriam Makeba, ikaimbwa na Boney M., na hadi leo watu wanabishana nani aliitunga. Hasira yenu pelekeni huko, muulize pesa ilienda wapi.

Lakini kuna komenti moja ilinichoma, na ilikuwa ya heshima. Dada mmoja aliniambia salsa imeua huzuni ya wimbo. Nilikaa nayo siku mbili, kwa sababu ana ushahidi na ushahidi ni mimi. Nilipoacha chuo nilikuwa naenda kucheza salsa kila Jumatano, kuingia ilikuwa bure kabla ya saa mbili. Huu wimbo ukipigwa, mimi meno thelathini na mbili nje. Kihispania sikujua hata neno. Nilidhani jamaa anasifu mpenzi wake! Siku rafiki yangu alinitafsiria, niliona aibu hadi nikaenda kukaa.

Baadaye nikajiuliza, mbona miezi hiyo yote nilikuwa nangoja huo wimbo tu, na zingine nikicheza ili mradi? Salsa ina pale katikati mwimbaji anaacha kusimulia, kiitikio kinarudi na kurudi, yeye anakijibu kwa maneno ya kubuni papo hapo, tromboni zinapiga kelele. Mtu mmoja analalamika na kundi zima linamwitikia. Balada inakuacha na machozi yako peke yako chumbani. Mimi chumbani nilikuwa nimekaa vya kutosha, simu ya mathe sishiki kwa sababu sijamwambia nimetoka chuo.

Na mnasema huzuni haichezwi, nyinyi ambao mmezikia watu huko Magharibi? Disko matanga ni nini? Mwili uko kwa boma, spika ziko nje, na shangazi aliyelia mchana kutwa ndiye wa mwisho kutoka uwanjani usiku. Serikali hupiga marufuku, na kuna sababu za maana, watoto wanaumizwa kwa hizo disko. Lakini hakuna aliyewahi kumwambia huyo shangazi ati hana uchungu.

Dada, kama unasoma hii, Jumatano niko pale. Ingia kabla ya saa mbili. Nitaomba DJ aweke ya Marc, na safari hii maneno nayajua.