TP Mazembe: nyumba haibomolewi yote ju ya paa lenye kuvuja

Magoli matatu ndani ya mechi tano. Kiisha, katika mechi ya sita, wakati mambo yote yalikuwa yamekwisha kuharibika, magoli manne kwa mara moja. Ndivyo Tout Puissant Mazembe ya Lubumbashi ilivyomaliza makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika ya 2024-2025: ya mwisho katika kundi lake, na pointi tano tu, nyuma ya Al Hilal ya Sudan, MC Alger ya Algeria na Young Africans ya Tanzania. Na ile Al Hilal iliyopigwa 4-0 siku ya mwisho ndiyo iliyomaliza ya kwanza.

Tangu wakati ule mabishano hayajanyamaza, si Kamalondo na Katuba tu, hata Goma, Bukavu, Kindu na Kalemie, kila pahali penye mtu anayejiita mpenzi wa Kunguru kwa asilimia mia moja. Wamoja wanasema wachezaji wote wafukuzwe, klabu ifungue mfuko na kununua wageni wenye majina. Wengine wanasema wageni wote waende, watoto wa chuo cha mpira wachukue jezi kesho asubuhi. Wengine tena hawataki kusikia habari ya wachezaji: kwao kosa ni la kocha, na dawa ni kocha mwingine. Kila kundi lina neno la kweli. Lakini hakuna hata moja lenye dawa kamili.

Kwanza, hesabu. Katika mechi zake tatu za nyumbani, Mazembe ilitoka sare mbili: 0-0 na MC Alger, 1-1 na Yanga. Siku ya Yanga ushindi ulikuwa mkononi mpaka dakika za nyongeza, ndipo goli la kusawazisha likaingia. Kama Mazembe ingeshinda mechi hizo mbili, ingemaliza na pointi tisa. MC Alger ingebaki na nane, Yanga saba. Mazembe ingevuka kwenda robo fainali ikiwa ya pili katika kundi. Kati ya kuwa wa mwisho na kuwa wa pili palikuwa na magoli mawili tu, yote katika uwanja wake mwenyewe, mbele ya watu wake wenyewe.

Ekipe ya namna hiyo haijaoza yote. Inakosa mtu wa kutia mpira golini wakati mchezo umefungwa, na inakosa wakubwa wawili ao watatu wa kutuliza wenzao wakati mechi inaelekea mwisho. Hayo ni magonjwa mawili yanayojulikana, na kila moja lina dawa yake. Mtu ambaye paa lake linavuja pahali pawili habomoi nyumba mpaka msingi.

Hata hivyo, haitakuwa haki kusema ni bahati mbaya ya msimu mmoja. Kombe la mwisho la Afrika lililofika Lubumbashi kwa ekipe ya wanaume ni Kombe la Shirikisho la 2017. Msimu wa 2022-2023, Vipers ya Uganda iliitoa Mazembe kwa penalti kwenye mlango wa makundi ya Ligi ya Mabingwa. Ikashuka katika Kombe la Shirikisho, na huko pia ikamaliza ya mwisho katika kundi. Msimu uliofuata ikafika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, ikasimamishwa na Al Ahly: 0-0 Lubumbashi, 3-0 Cairo. Kiisha tena ya mwisho. Chini, juu, chini. Ekipe mbaya ingebaki chini siku zote, na ekipe nzuri ingebaki juu. Ile inayopanda na kushuka hivyo ni ekipe isiyokuwa na msingi: kila mwaka inaanza upya, na kila mwaka matokeo yanategemea kama wapya walioletwa wamezoeana haraka ao hapana.

Wale wanaotaka kununua majina wanapenda kukumbusha miaka ya utukufu. Ni vizuri kuikumbuka, lakini yote, bila kuchagua. Moïse Katumbi alichukua uongozi wa klabu mwaka 1997. Kombe la kwanza la Ligi ya Mabingwa chini yake lilikuja 2009, miaka 12 kiisha, na miaka 41 tangu lile la 1968. Ndani ya miaka hiyo 12 kulikuwa na kushindwa, kuvumilia na kujenga. Robert Kidiaba na Trésor Mputu hawakununuliwa mwezi wa saba ili wabebe kombe mwezi wa kumi na moja. Walikuwa ndani ya klabu tangu miaka ya kwanza ya 2000, wakijuana na wenzao mpaka wakawa kama jamaa moja.

Na mwaka 2010 unafundisha jambo kubwa zaidi. Mputu, aliyechaguliwa mchezaji bora wa 2009 kati ya wale wanaocheza ndani ya Afrika, alifungiwa na FIFA mwaka mzima ju ya fujo dhidi ya mwamuzi huko Kigali. Ekipe ilibaki bila nyota yake. Hata hivyo ilipiga Espérance ya Tunis 5-0 katika fainali ya kwanza Lubumbashi, ikachukua Afrika mara ya pili mfululizo, kiisha huko Abu Dhabi ikatoa Pachuca ya Mexico na Internacional ya Brazil mpaka ikafika fainali ya dunia dhidi ya Inter Milan. Ilipoteza 3-0, lakini ilikuwa klabu ya kwanza ya Afrika kufika pale. Mtu mmoja aliondoka, nyumba ikasimama, kwa sababu haikuwa imejengwa juu ya mtu mmoja.

Kombe la 2015 linasema vilevile kwa njia nyingine. Ni kweli, ekipe ile ilikuwa na wageni wengi: Rainford Kalaba wa Zambia, Sylvain Gbohouo wa Côte d'Ivoire, Salif Coulibaly wa Mali, Solomon Asante wa Ghana. Lakini tuzo lake kubwa lilikwenda kwa Mbwana Samatta, Mtanzania aliyetoka Simba mwaka 2011 akiwa na miaka 18. Alifika kijana, akakulia Kamalondo, na miaka minne kiisha akawa kati ya wafungaji bora wa Afrika. Mwanzoni mwa 2016 akauzwa Genk, Ubelgiji. Mazembe haikununua jina lake. Ilimpokea bila jina, na jina akalipatia hapa.

Leo njia ile imegeuka. Zamani Lubumbashi ilikuwa inachukua vijana wa Dar es Salaam. Sasa Dar es Salaam inachukua Wakongomani. Fiston Mayele alitoka AS Vita Club kwenda Yanga mwaka 2021, akapita Pyramids ya Misri, na mwaka 2025 akabeba Ligi ya Mabingwa pamoja nayo. Maxi Nzengeli alitoka Maniema Union ya Kindu kwenda Yanga mwaka 2023. Klabu za Tanzania, Misri, Morocco na Afrika ya Kusini zinalipa vizuri na zinalipa kwa wakati, na shampiona zao zinajulikana zinaanza lini na zinaisha lini. Kwa sasa, klabu ya Kongo inayotaka kushindana nazo kwa feza itapoteza. Msimu wa 2024-2025 bingwa wa Afrika alipata dola milioni 4 kutoka CAF. Anayeishia makundini msimu ule alipata 700,000. Ni feza nyingi kwa macho ya raia, lakini si za kununua mchezaji aliyekwisha kuwa nyota kila msimu.

Basi ni namna gani?

Jambo la kwanza ni kuchagua uti wa mgongo na kuutangaza. Mlinda lango mmoja, mabeki wa kati wawili, kiungo mmoja, kapiteni mmoja: watu watano ao sita ambao klabu inasema waziwazi kwamba watakuwa hapa miaka mitatu. Mikataba yao irefushwe mapema, si wakati imebaki miezi sita na mameneja wa Casablanca wamekwisha kupiga simu. Mchezaji anayejua atakuwa hapa mwaka kesho anachukua madaraka uwanjani. Yule anayengoja kuondoka anacheza ju ya video yake.

Pili, watoto wa nyumba. Chuo cha Katumbi Football Academy kilifunguliwa mwaka 2012. Chuo hakiwezi kuhesabiwa kwa uzuri wa viwanja vyake. Kinahesabiwa kwa dakika ambazo vijana wake wanapata katika ekipe kubwa. Jackson Muleka, mtoto wa Lubumbashi, alipewa dakika, akafunga, na mwaka 2020 Standard de Liège wakamnunua. Njia hiyo ipo, imekwisha kupitwa. Lakini haifai kuwatia vijana kumi kwa siku moja kama wanavyotaka wengine. Kijana anakua vizuri kando ya wakubwa. Vijana kumi na mmoja peke yao watapigwa, wataogopa, na wapenzi wale wale waliowaita ndio watakaowazomea. Watatu ndani ya kumi na mmoja wa kwanza, kila jumaa, katika shampiona ya ndani: hiyo inatosha kwa kuanza.

Tatu, wageni wachache na kwa kazi inayojulikana. Ekipe iliyofunga magoli matatu katika mechi tano inajua inatafuta nini: mshambuliaji. Atafutwe mmoja ao wawili, vijana wa miaka 19 ao 20, katika shampiona za Zambia, Tanzania, Mali ao Burkina Faso, kama alivyotafutwa Samatta. Mgeni wa miaka 31 anayekuja kumaliza kazi yake Lubumbashi anafunga mlango wa kijana, na akiondoka haachi kitu.

Nne, kocha apewe misimu miwili mizima. Lamine N'Diaye, Msenegali aliyebeba kombe la 2010, aliporudi 2023 alikuta ekipe iliyokuwa imemaliza ya mwisho katika Kombe la Shirikisho, na ndani ya msimu mmoja akaifikisha nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa. Alikuwa anaijua nyumba. Kocha mpya kila mwaka ni wachezaji wapya kila mwaka, kwa sababu kila mmoja anakuja na watu wake na kukataa wa mwenzake. Hapo ndipo feza ya klabu inavuja kuliko pahali pengine.

Watu watapinga, na wana sababu. Mpenzi anayelipa tikiti hataki kusikia habari ya miaka mitatu, hasa wakati jirani anacheka. Katika makundi ya Ligi ya Mabingwa ya 2025-2026, jina la Lubumbashi lilibebwa na Saint-Éloi Lupopo, si na Mazembe. Kwa mtu wa Kamalondo, maneno hayo ni pilipili machoni. Lakini mpenzi huyo anangoja tangu 2017, na kununua kwa haraka hakujafupisha kungoja kwake hata siku moja. Afazali kungoja jambo linalojulikana kuliko kungoja bahati. Kinachomkasirisha si kuvumilia. Ni kuahidiwa kombe kila mwezi wa nane na kupewa udhuru kila mwezi wa kwanza.

Upingaji wa pili una uzito zaidi. Vijana wanakua kwa kucheza, na shampiona ya inchi haitabiriki. Msimu wa 2022-2023 wa Linafoot haukumalizika. Mchezaji wa miaka 19 anayekaa miezi bila mechi za kweli anapoteza kitu ambacho mazoezi hayawezi kurudisha. Hilo halitengenezwi na Mazembe peke yake. Ni kazi ya shirikisho la mpira na ya serikali. Ila klabu kubwa inaweza kupeleka vijana wake kwa mkopo katika shampiona za majirani, kule mechi zinachezwa kila jumaa, na kuwarudisha wakiwa wamekomaa.

Wanaosema nyumba hii imesahau kujenga, waangalie upande wa akina mama. Mwezi wa kumi na moja 2024, ekipe ya wanawake ya TP Mazembe ilipiga AS FAR ya Morocco 1-0 na kuchukua Ligi ya Mabingwa Afrika ya wanawake. Klabu ni ile ile, rangi ni zile zile nyeusi na nyeupe. Wiki chache kiisha, kaka zao wakaanguka makundini.

Na jambo hili halihusu Lubumbashi peke yake. Tangu vita ilipofika Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, kijana wa Kivu mwenye kipaji ana milango michache kuliko zamani. Mpira wa kwao umevurugika, barabara zimefungwa, na wengi wako mbali na nyumba za wazazi. Klabu kubwa ya inchi ikichagua kujenga kwa vijana, mlango mmoja unafunguka kwa mtoto huyo ndani ya inchi yake. Ikichagua kununua majina kutoka inje, atatafuta njia ya Kampala ao Dar es Salaam, na siku moja atarudi Kamalondo akivaa jezi nyingine, na kufunga goli katika dakika za nyongeza.

Viongozi wa Mazembe hawakosi mapenzi wala elimu ya mpira. Makombe matano ya Ligi ya Mabingwa hayakuokotwa njiani. Wanachohitaji sasa ni kusema ukweli mbele ya wapenzi wao: huu ndio uti wa mgongo, hawa ndio vijana, huyu ndiye kocha, na mwaka huu lengo ni kuvuka makundi, si kubeba kombe. Watu wa Kamalondo wataweza kuyasikia maneno hayo. Waliisha kungoja miaka 41 mara moja, na hawakuacha kwenda uwanjani.