Toa habari, kisha ujijue

GUMZO LA KIBARAZANI
Na Mwanaidi Shee

Wanaonifuata kila Jumamosi wanajua mambo mawili yanayonipandisha presha: shemeji yangu akivaa koti, na mtu mzima akitamka "wadau". Jumanne hii niliyakuta yote mawili ukumbini, katika hoteli moja ya ufuoni hapa Mombasa, kwenye warsha ya kujadili namna ya kuwalinda raia wanyonge dhidi ya makundi haramu yenye silaha.

Shemeji alikuwa kiti cha mbele, amejiandikisha mwakilishi wa vijana. Ana wajukuu. Tumwache, maana posho ni riziki na mimi sitaki kesi Idi ikija.

Aliyenikera ni mkubwa aliyefungua kikao. Alisoma hotuba ile ile tunayosomewa tangu uvamizi wa Mpeketoni: usalama unaanza na mwananchi, serikali haiwezi kuwa kila mahali, mkiona mgeni toeni habari. Makofi. Aliponogewa akaiacha karatasi, akasema anayenyamaza naye ni mshirika wa magaidi. Makofi tena, na shemeji akaitikia "kabisa!"

Nyuma kule, karibu na mlango wa jikoni, akainuka mama mmoja kutoka vijiji vya Lamu vinavyopakana na msitu wa Boni. Jina lake silitaji wala kijiji chake, na punde mtaona kwa nini mimi nimeona haja hiyo na wenzangu hawakuiona.

"Mheshimiwa," akasema, "langu ni dogo. Saa nane ya usiku mbwa wanabweka, nasikia nyayo za watu kwenye mahindi. Nimpigie nani? Huyo nitakayempigia atafika saa ngapi? Na akishafika akaondoka, mimi nitalala na nani?"

Hakuna aliyepiga makofi. Mkubwa akafungua chupa ya maji, akanywa, akaifunga. "Mama, swali zuri sana. Tumelichukua."

Wamelichukua! Sijui walikoliweka, maana lilikuwa limebebwa kwa basi kutoka Lamu, kwa msafara wa kusindikizwa na polisi kama wasafiri wa njia ile walivyozoea, na halikupata hata namba moja ya simu. Tukaambiwa twende chai.

Huko kwenye chai ndiko nilikoishiwa na subira. Daftari la mahudhurio lilikuwa limeachwa wazi mezani, kati ya sinia la mahamri na chupa ya chai ya maziwa. Jina kamili, namba ya kitambulisho, namba ya simu, kijiji, sahihi. Kikombe cha mtu kilikuwa kimewekwa juu yake kikaacha duara la chai kwenye majina. Wahudumu wanapita, madereva wanapita, kila mwenye macho anasoma. Hatua chache kutoka hapo kijana wa kamera alikuwa akimsogeza yule mama chini ya bango la ulinzi wa raia, uso uelekee kwenye mwanga.

Nikamwuliza mmoja wa waandaaji picha zile zinakwenda wapi. "Mitandaoni, dada," akanijibu kwa tabasamu. "Wafadhili wanapenda kuwaona walengwa."

Mwanamke ametoka kueleza mbele ya halaiki jinsi anavyowasikia watu wenye bunduki wakipita shambani mwake. Kabla hajaimaliza chai yake, jina lake, simu yake, kijiji chake na sura yake vyote viko hadharani. Na waliofanya hivyo ndio waliokuja kumfundisha kujilinda.

Nasema bila kumung'unya: serikali imejitua mzigo wake na kumtwika asiye na bunduki, kisha inamkaripia akiyumba. Wito huu wa "toeni habari" ni njia rahisi ya kulaumu maiti. Kijiji kikivamiwa baada ya kutoa habari, tunaambiwa uchunguzi unaendelea. Kikivamiwa bila kutoa habari, tunaambiwa wakazi walificha wahalifu. Kwa vyovyote vile, mkubwa hakosi.

Wala msiniambie watu hawasemi. Usiku wa Juni 15, 2014, Mpeketoni ilipovamiwa, watu walipiga simu hadi vidole vikauma, na wauaji wakaendelea na kazi yao kwa saa nyingi. Usiku uliofuata wakaingia Poromoko, mwendo mfupi kutoka hapo. Zaidi ya watu 60 waliuawa. Al-Shabaab wakakiri wenyewe, lakini Rais Uhuru Kenyatta akalihutubia taifa kusema ni mitandao ya wanasiasa wa huku huku. Kisha ikaja kafyu. Lamu ikafungiwa ndani kama mtoto aliyevunja kioo, na kwa miaka kadhaa mvuvi hakuruhusiwa kutia ngalawa baharini usiku. Aliyevamiwa ndiye aliyeadhibiwa.

Septemba 2015 ikaja operesheni ya Linda Boni. Tuliambiwa ni ya siku 90. Nawaombea walioihesabu wapewe maisha marefu, kwa sababu miaka ilipita, jina likabadilishwa, na Juni 2023 watu watano bado waliuawa na nyumba kuchomwa katika vijiji vya Juhudi na Salama. Siwadharau askari, wengi wameuawa na vilipuzi vilivyotegwa kwenye barabara za msituni, na nao wana mama zao. Ninaozungumza nao ni wale wanaopanga kazi wakiwa kwenye viti vya kuzunguka.

Mwangalieni Mwaweer, mwenyeji wa vijiji vya msitu wa Boni: Basuba, Milimani au Mangai. Msitu ndio ghala lake na duka lake la dawa, asali yake iko humo. Akaambiwa asiingie. Shule za watoto wake zikafungwa kwa miaka. Akionekana anazungumza na askari, wale wa msituni wanamhesabu msaliti. Akikaa kimya, askari wanamhesabu mshirika. Halafu mtu aliyekunywa maji ya chupa anamfuata na kumwambia awe jasiri.

Hata Nyumba Kumi, ule mfumo wa majirani kujuana na kulindana tuliyoupigia debe baada ya shambulio la Westgate la 2013, tuliuazima Tanzania. Huko kwenyewe, miaka ya 2016 na 2017, Kibiti na Rufiji waliowindwa mmoja mmoja walikuwa wenyeviti na watendaji wa vijiji, watu ambao kazi yao ni kumjua mgeni ameingia kwa nani. Sisi tukaleta mfumo, somo tukaliacha mpakani.

Nao ujasiri raia wanao. Desemba 21, 2015, kule Mandera, abiria Waislamu wa basi lililovamiwa karibu na El Wak walikataa kujitenga na wenzao Wakristo, wanawake wakawavika wenzao hijabu. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku ile na akafariki mwezi uliofuata. Raia walifanya ya kwao na ya serikali pia.

Katiba yetu, kifungu cha 29, inasema kila mtu ana haki ya kutofanyiwa ukatili, uwe umetoka kwa serikali au kwa mtu binafsi. Tuna sheria ya kulinda mashahidi tangu 2006, na imewekwa kwa ajili ya kesi. Mama wa mahindini hana kesi mahakamani. Ana mlango wa mbao na komeo moja. Anataka namba inayopokewa usiku na mtu anayeijua njia ya kijijini kwake, gari lenye mafuta, na jina lake likae kifuani mwa aliyeambiwa. Hayo hayahitaji warsha wala bango.

Lakini najua yatakayofuata. Wakivamia tena, asubuhi tutaletewa taarifa kwamba serikali "inalaani vikali". Waheshimiwa, kulaani tuachieni sisi. Pwani hii tuna walimu wa kusoma Halbadiri, na hawalipwi marupurupu ya mazingira magumu. Ninyi tuliwaajiri mje na bunduki, na mje usiku.