Divai ambayo mwenye shamba haruhusiwi kuigusa

Katika mikutano yetu kuna neno moja linarudi kila mara: "Wazungu wanatusumbua na masharti yao." Linasemwa juu ya bio, juu ya GPS ya mashamba, juu ya yule mkaguzi anayekuja kuchungulia stoo na kuuliza jina la kila mtu aliyeleta kahawa. Sisi pia tumelisema, tena kwa sauti kubwa. Lakini tumerudi kutoka kijiji kimoja cha Hispania kinachoitwa Capçanes, na tuliyoyaona kule yametufanya tupunguze ile sauti.

Tulikuwa watu wanane: wakulima sita wa kahawa na kakao, na wawili wetu wa gazeti hili. Habari ya visa tunaiacha, kila mtu anaijua.

Capçanes ni kijiji kidogo cha milimani, katika jimbo la Katalunya, kilomita kama 150 kutoka Barcelona. Mtu wa Kalehe au wa Idjwi hawezi kujiona mgeni sana mbele ya mashamba ya kule. Ni miteremko, mawe, vipande vidogo vidogo, familia moja iko na kipande hapa na kingine ng'ambo ya bonde. Wao wanalima mizabibu. Mingine ni mizee sana, mashina manene yaliyopindapinda. Inazaa kidogo, lakini zabibu zake ziko na nguvu. Familia za pale ziliungana mwaka 1933 wakafanya koperative, na mpaka leo divai yao inatengenezwa katika jengo moja la wote.

Kwa miaka mingi waliuza namna sisi tulivyozoea kuuza: divai ya jumla, bila chupa, bila jina la kijiji, anakuja mwenye pesa anabeba, anaenda kuichanganya na ya wengine. Katika biashara ya namna ile kilo ni kilo. Aliyechuma vizuri na aliyechuma ovyo wanakutana ndani ya tangi moja, na hakuna anayejua nani alileta nini. Hatuhitaji kuwaeleza zaidi, wenye kuuza kahawa usiku kwa mitumbwi wanajua.

Mwaka 1995 Wayahudi wa Barcelona walikuwa wanatafuta mtu wa kuwatengenezea divai ya kosheri. Mukumbuke kwamba Wayahudi walifukuzwa Hispania mwaka 1492. Jumuiya ya leo ni ya watu waliorudi baadaye sana. Divai kwao si anasa. Kila Ijumaa jioni, Sabato inapoingia, wanaibariki divai mezani, na usiku wa Pasaka kila mtu anakunywa vikombe vinne. Basi inatakiwa divai iliyo safi kwa sheria yao. Koperative ya Capçanes ilikubali kazi hiyo.

Sasa tusikilize masharti, maana hapa ndipo wenzetu walianza kutikisa kichwa. Zabibu za mti ambao haujamaliza miaka mitatu hazifai. Kuvuna, mtu yeyote anaweza. Lakini tangu zabibu zinapokamuliwa mpaka chupa inapofungwa, divai haiguswi isipokuwa na Wayahudi wanaoshika Sabato, wanaosimamiwa na rabi. Si divai tu: hata bomba, hata tangi, hata ile robine ya kuonjea. Tangi la zamani linajazwa maji, linakaa hivyo siku nzima, linamwagwa, na tena, na tena, mara tatu, ndipo litumike. Hamira ichunguzwe. Dawa ya kusafishia divai isiwe na gelatini ya nguruwe. Na kuanzia jua la Ijumaa linapozama mpaka usiku wa Jumamosi, hata hao Wayahudi hawafanyi kazi, wakati divai inayochacha haijui siku ya mapumziko.

Fundi wa divai, mtoto wa pale pale, anayeijua mizabibu ile kuliko mtu yeyote, kazi yake ni kusimama pembeni na kusema: fungua hii, pampu ile, nipe nionje. Aliyetutembeza alituonyesha namna mtu anavyosimama, mikono nyuma ya mgongo kama mwanafunzi aliyeadhibiwa.

Mama mmoja wetu, mkulima wa Kabare, alishindwa kuvumilia. "Sasa ile divai iko ya nani? Zabibu ziko za huyu papa, nyumba iko ya koperative, na yeye hana ruhusa ya kuigusa? Kwetu ile iko matusi."

Tulinyamaza, ju wengi wetu tulikuwa na swali hilo hilo mdomoni.

Aliyemjibu hakuwa mwenyeji. Alikuwa mwenzetu wa kakao, Mwislamu, mtu wa asili ya Kasongo. Alisema yeye nyama isiyochinjwa kwa sheria haili, hata kama mchinjaji ni rafiki yake wa tangu utoto, na rafiki huyo hajawahi kukasirika. Kisha akamgeukia Mama: "Wazee wenu kule Bushi, mbele ya kunywa kasiksi, hawamwagi kidogo chini kwa ajili ya wale waliokufa?" Mama akakubali. Basi, akasema, ndiyo hiyo. Na kweli, sheria ya kutogusa ilianzia pale: zamani za kale watu wengi walikuwa wanamwagia miungu yao divai, na Wayahudi hawakutaka kunywa kitu ambacho huenda kilishatolewa sadaka kwa mwingine. Inahusu ibada. Mkulima hatukanwi.

Mama hakuridhika kabisa. Tunaandika hivyo ju ndiyo kweli.

Halafu tulionja. Wawili wetu hawanywi pombe, yeye Mwislamu na Muadventista mmoja. Walinusa tu, na Muadventista alinusa kwa muda mrefu. Divai yenyewe inaitwa Peraj Ha'abib, maneno ya Kiebrania, maana yake ua la majira ya kuchipua. Ni nyekundu, nzito, karibu nyeusi ndani ya glasi. Tulikuwa tumeambiwa nyumbani kwamba divai ya Wayahudi ni tamu kama sirapu na kwamba inachemshwa. Hii haina sukari. Inakauka ulimini kama chai kali isiyotiwa maziwa, kisha inakuja harufu ya matunda meusi yaliyoiva sana. Ile habari ya kuchemsha ni kweli kwa divai nyingine: zinapitishwa kwenye moto kwa nukta chache, na baada ya hapo mtu yeyote anaweza kuzimimina bila kuharibu kosheri yake. Peraj Ha'abib haipitishwi motoni. Kwa hiyo chupa iliyofunguliwa ikamiminwa na mikono isiyo ya Kiyahudi, kama ile ya mezani kwetu, Myahudi wa dini hawezi kuinywa tena. Chupa moja nzima ilipoteza kosheri yake kwa ajili ya wageni wa Kivu. Papa mmoja aliposikia hivyo aliongeza glasi, akasema basi isipotee bure.

Lakini tuliyoenda kutafuta hayakuwa ndani ya glasi. Tulitaka kujua ile koperative ilipata nini.

Kosheri haiwezi kufanyiwa ndani ya tangi kubwa la wote. Inataka tangi lake, bomba lake, mlango wake unaofungwa na kutiwa alama. Ikabidi koperative itafute pesa, inunue matangi madogo na mashini mpya, na ijifunze kupokea zabibu za shamba moja mbali na za shamba lingine. Na hapo ndipo walipogundua walichokuwa nacho. Zabibu za mizabibu mizee, zilipotengenezwa peke yake, zikatoa divai ambayo hakuna aliyejua kama iko ndani ya kijiji kile. Miaka yote ilikuwa imezama katika divai ya jumla. Leo Capçanes wanauza divai za namna nyingi katika chupa zenye jina lao, nyingi si za kosheri kabisa, na zinaenda nchi nyingi. Sharti la mnunuzi mmoja, la dini ambayo si yao, liliwafundisha kutenganisha, na kutenganisha ndiko kulikotengeneza bei.

Sasa turudi nyumbani. Tunajua koperative moja ya kahawa, jina hatutalitaja, ambayo msimu mmoja ilipeleka loti nzuri kabisa, serizi nyekundu tupu, zimekobolewa siku ile ile, zimekaushwa juu ya meza bila haraka. Usiku wa mwisho mtu akaleta mifuko michache ya shemeji yake, kahawa iliyokaa nyumbani siku tatu. Mtunza depo akaipokea, ju shemeji ni shemeji. Loti yote ikaonjwa ikarudishwa bei ya kawaida. Familia zilizochuma kwa uangalifu miezi yote zililipwa sawa na yule wa usiku. Baadhi yao hawajaleta tena kahawa pale, na sisi hatuwezi kuwalaumu.

Mkaguzi wa bio anapotaka daftari la kila shamba, anapotaka mifuko yenye alama, anapouliza dawa gani ilipigwa na mwaka gani, anatuomba kitu kile kile ambacho rabi aliomba Capçanes: kujua hiki kimetoka wapi na nani alikigusa. Hata miaka mitatu inafanana kidogo. Kwa kahawa na kakao, shamba linangoja miaka mitatu bila dawa za viwandani mbele ya kuitwa bio kule Ulaya. Na sheria ya Ulaya ya mwaka 2023 juu ya misitu inaomba nukta za GPS za kila shamba la kahawa na kakao, ili ijulikane kwamba msitu haukukatwa pale baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Tunaweza kukasirika. Lakini daftari likiwepo, ni letu pia. Ndilo linaloonyesha kwamba kahawa ya mlima fulani ina ladha kuliko ya bonde fulani, na ndilo linalomzuia shemeji.

Hapa tunasimama upande wa masharti, na tunajua wengine hawatafurahi.

Lakini kuna jambo ambalo wenye kutuhubiria sertifika hawalisemi, na sisi wa shirika tumo katika kosa hilo. Capçanes walimpata mnunuzi kwanza. Aliyeleta sharti alikuja na hitaji mkononi, na watu wa kunywa ile divai walikuwa wanangoja. Kwetu mara nyingi inakuja kinyume. Mradi unalipia sertifika miaka mitatu, karatasi inatundikwa ukutani mwa depo, mradi unafunga, na mwaka wa nne hakuna wa kumlipa mkaguzi. Tumeona karatasi za namna hiyo zimegeuka rangi ya kahawa zenyewe, na chini yake mifuko inauzwa bei ya sokoni kama ya jirani. Mkulima wa hapo akisema masharti ni usumbufu, hajakosea. Alilipa uchovu wa kosheri akauza divai ya jumla.

Na kuna mkono. Kule Capçanes fundi anaweka mikono nyuma ju anajua mwisho wa mwaka hesabu itasomwa mbele ya wanachama, na jina la kijiji liko juu ya chupa. Kwetu mkulima akiisha kuweka serizi zake kwenye mizani, mikono yake inawekwa nyuma na komite yake mwenyewe, na mara nyingi hesabu hasomewi. Sharti la kutogusa tunaweza kulivumilia kutoka kwa mwenye dini yake. Kutoka kwa gérant wetu, hapana.

Mama wa Kabare, yule aliyeona ni matusi, amerudi na mawazo yake. Hajakubali habari ya kusimama pembeni. Lakini kwenye stasio yao ya kuosha kahawa ameomba bakuli za rangi mbili, nyekundu kwa kahawa ya mlimani na buluu kwa ya chini, na ameanza kubishana na mtunza depo kuhusu mahali pa kuziweka.

Mikutano mikuu ya koperative nyingi iko karibu, na mezani kutakuwa na kontra mpya zenye kurasa nyingi za masharti. Mbele ya kuinua mkono, muulize prezidanti wenu mbele ya watu wote: mnunuzi anaomba kilo ngapi, anaongeza dola ngapi juu ya bei ya soko, na mwaka mradi utakapokwisha, nani atamlipa mkaguzi.